Mwaka Niliomzuia Mwanangu Kulia

Mwezi wa tatu mwaka huu tulimzika mama mkwe wangu kijijini kwake Ikinga, juu milimani Ileje, siku ambayo ukungu haukuondoka hata mchana. Baada ya mazishi wanawake tulikaa jikoni kwake, tukimenya ndizi na kuchambua maharage ya waombolezaji, na kama ilivyo kawaida kila mmoja akawa anamtaja marehemu kwa namna alivyomjua. Mmoja akasema bibi huyu aliwahi kuua nyoka kwa mchi wa kutwangia kisha akaendelea kutwanga. Mwingine akasema alivuka mto uliojaa huku ana gunia la mahindi kichwani. "Hakujua woga yule," walisema, na wengine wakaitikia kwa kuguna. Mimi niliendelea kumenya. Nilimwona akiogopa. Nilimwona siku nne mfululizo, mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, na sijaona tena mtu aliyeogopa kiasi kile na bado akasimama. Huko nje mwanangu wa kwanza, Lusekelo, alikuwa anasawazisha udongo wa kaburi, matope yamempanda hadi magotini, mwanamume mzima mwenye ndevu. Nilimtazama kupitia mlango mdogo wa jiko.

Mwaka ule tulikuwa tumepanga chumba kimoja Tunduma, mtaa ulio karibu sana na mpaka kiasi kwamba redio tuliyoisikia asubuhi ilikuwa ya Zambia. Kilikuwa chumba chembamba, kitanda upande huu, vyombo upande ule, na pazia la kitenge katikati. Dirisha lilitazama uani, ambako wapangaji wote tulipikia na kufulia. Malori yaliyokuwa yakisubiri kuvuka yalinguruma barabarani kutwa, na moshi wake uliingia hadi kwenye chai. Mume wangu Gwamaka alikuwa tingo kwenye lori la kwenda Kongo, msaidizi wa dereva; akiondoka aliondoka wiki tatu, wakati mwingine tano. Kwa hiyo ulimwengu wangu ulikuwa mimi, mtoto, na jirani wa chumba cha pili, Mama Chanda, Mbemba wa ng'ambo aliyekuwa akiuza samaki wakavu na kuchanganya Kiswahili na Kibemba bila kujali nani anamwelewa. Ni yeye aliyenifundisha kumwogesha Lusekelo bila kuogopa kumvunja shingo. Na ni mbele yake, mwezi wa nne, mtoto akiwa na miezi miwili, nilipomwinua kutoka kwenye beseni, akapandisha kilio kwa sababu ya baridi, nikaona kitu kimetokeza kwenye kinena chake cha kulia. Kilikuwa laini, kama yai la njiwa chini ya ngozi. Nilipomfunga khanga akatulia, na nilipofunua tena hakikuwepo. Nikadhani ni macho yangu tu. Mama Chanda alikuwa ameacha kupanga samaki. "Awe, mayo, hapana mama," alisema polepole. "Siyo macho. Hata mimi nimekiona."

Siku ile ile mtaa mzima ulijua. Jioni, nikiwa nimekaa ndani nyuma ya pazia, niliwasikia wanawake uani wakisonga ugali na kunijadili kana kwamba nimehama. Mmoja alisema ni mshipa, watoto wa kiume wanao, ukifunga sarafu kwa kitambaa unarudi. Mwingine akasema hapana, sarafu ni ya kitovu. Wa tatu, sauti yake ikiwa chini, akasema mama aliinua ndoo kubwa akiwa mjamzito, yeye mwenyewe alimwona, na kwamba mtoto wa namna hiyo akiachwa alie sana utumbo unashuka wote na hakuna wa kuurudisha. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonibakia. Asubuhi yake nilimpeleka kliniki. Nesi, mama mtu mzima mwenye miwani, alimlaza, akamsubiri alie, akakibonyeza kile kivimbe kwa vidole viwili kikarudi ndani. Akanieleza vizuri, leo najua alinieleza vizuri. Alisema hii ni ngiri ya kinena, kwamba ngiri ya kitovu mara nyingi hujifunga yenyewe mtoto anavyokua lakini hii haijifungi, kwamba atanipa barua ya kwenda hospitali, na kwamba nikiona uvimbe umekuwa mgumu, haurudi, na mtoto anatapika, nisingoje hata saa moja. Alisema yote hayo. Mimi nilisikia neno moja tu: apasuliwe. Nilichukua barua, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro upande wa ukutani, na sikumwambia mtu.

Nilichofanya badala yake naona haya kukisimulia, ingawa najua wapo akina mama watakaonielewa. Niliamua kwamba mwanangu hatalia. Kama kilio ndicho kinachoshusha utumbo, basi kilio hakitakuwepo. Kwa miezi minne nilimbeba kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilipika nimembeba, nilifua nimembeba, nilikwenda chooni nimembeba. Akikunja uso tu nilishamtia titi mdomoni, ana njaa au hana. Niliacha kwenda kanisani kwa sababu ngoma za kwaya zilimshtua. Siku ya chanjo niliigeuza njia nikiwa nimeshafika kwenye foleni, kwa sababu ya sindano. Nililala nimeegemea ukuta, yeye kifuani, na kila nilipostuka nilipeleka mkono kwanza kwenye kinena chake kabla ya kuangalia kama anapumua. Nilikonda hadi Mama Chanda akaanza kuniletea uji wake asubuhi na kusimama mlangoni mpaka nimalize. "Mtoto asiyelia," aliniambia siku moja, "utamjuaje ana nini?" Mchana nilikuwa naongea na Mungu kwa namna ya kujadiliana bei sokoni, leo tu, wiki hii tu. Na kile kivimbe hakikujali chochote. Kilikuja mtoto akicheka, kilikuja akijinyoosha, kilikuja akienda haja. Na kila kilipokuja kilikuwa kimekua kidogo.

Gwamaka aligundua mwenyewe. Safari za kabla ya hapo alilala nyumbani usiku mmoja tu, na sikumwachia mtoto; mwezi wa nane alirudi na kumrusha juu kwa furaha kama wafanyavyo akina baba, mtoto akaogopa sura aliyokwisha kuisahau, akalia kilio chote alichonyimwa. Mume wangu alimlaza kitandani ambadilishe nepi. Kisha akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Nilimtolea barua ya nesi chini ya godoro. Aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi. Hakunifokea. Kesho yake alitupeleka hospitali moja ya misheni upande wa barabara kuu, mbele ya Nanyala, akaona tumepewa kitanda, akaona jina la mtoto limeandikwa kwenye orodha ya upasuaji wa keshokutwa. Lori lake lilikuwa limeshavuka mpaka na dereva alikuwa akimsubiri Nakonde. "Mama Luse," aliniambia, "usitoke hapa." Nikasema sitoki.

Wodi ya watoto ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda kumi na mbili, kuta zimepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kifua, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu iliyokuwa inaingia hadi kwenye uji. Daktari alipita jioni, akasimama mwisho wa kitanda, akaeleza kwamba mtoto atapewa nusu kaputi, yaani usingizi wa dawa, na kuchanwa sehemu ndogo. Akauliza, "Kuna swali, mama?" Nilikuwa na maswali yananikaba. Nilitaka kujua kama mtoto wa umri ule anaweza kulazwa usingizi na kuamka akiwa yule yule. Nilitaka kujua kama ni mimi niliyesababisha, kwa ile ndoo. Nilitaka kujua nani atamshika mkono huko ndani. Nikasema, "Hakuna, daktari." Akashukuru, akaenda kitanda kingine, na mama wa kitanda hicho naye akasema hakuna, na wa kitanda kilichofuata pia. Sote tulikuwa hatuna swali. Alipotoka tu tulianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe, watu ambao hakuna aliyejua chochote.

Siku iliyofuata walimrudisha kutoka chumba cha upasuaji msichana wa kitanda cha mbele yangu, mtoto wa kama miaka mitatu. Walimlaza chali. Kichwa kiliangukia upande, mdomo wazi, macho nusu wazi na weupe wake tu ndio unaoonekana. Mama yake alikuwa anamwita jina lake karibu na sikio, mara kwa mara, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula. Nesi alipita akasema ni dawa tu, ataamka. Nusu saa ikapita. Yule mama akaendelea kuita. Sikungoja nione. Asubuhi yake nesi alikuja mapema kuniambia nisimnyonyeshe tena mtoto mpaka atakapotoka huko, akaenda kuandaa vifaa. Mimi nikafunga mbeleko, nikachukua kikapu, nikatoka kwa mlango wa jikoni ambako wapishi walikuwa wanachochea moto. Mpishi mmoja akanisalimu. Nikaitikia vizuri kabisa, nikapita geti la nyuma, na nilipofika barabarani nikamtia Lusekelo titi mdomoni na miguu yangu ikaanza kukimbia yenyewe.

Sikwenda Tunduma. Nilijua Tunduma nitatafutwa. Nilikwenda Ikinga kwa mama mkwe, na sababu yangu ilikuwa mbaya: niliamini yeye ni mtu wa zamani, hajasoma, hajawahi kulazwa, wote aliwazaa nyumbani, na hatakubali kisu kimguse mjukuu wake. Nilikwenda kutafuta wa kuniunga mkono. Nilipanda basi hadi Mpemba, hapo nikapata gari la kupandisha Ileje, na kipande kilichobaki nikatembea kwa mguu kati ya mashamba ya kahawa, baridi ikinikata masikio. Nilifika jua likielekea kushuka. Mama alikuwa uani anaanua maharage. Niliposema shikamoo hakuitikia kwanza, alitazama miguu yangu yenye vumbi, akatazama kikapu, ndipo akasema, "Marahaba. Nani amekufa?" Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wandali, watu wa milima ile, wa umri wake, kizito, kilichoshuka na kupanda mahali ambapo chetu hakipandi, na hakikuwa na maneno ya ziada. "Hakuna aliyekufa, Mama," nilisema. "Wanataka kumpasua mtoto."

Tuliingia jikoni. Nilimweleza yote, kuanzia lile beseni, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kulaani hospitali, nikitegemea aitikie. Hakuitikia. Alimtoa mtoto titi mdomoni kwa kidole, akamchukua, akamlaza kwenye magoti yake karibu na moto. Lusekelo akaanza kulia. Nikanyoosha mikono. "Mwache," alisema. Akamfunua, akangoja, na kile kivimbe kikaja, kikubwa kuliko nilivyowahi kukiona. Alikitazama. Nami nilikuwa namtazama yeye, kwa hiyo niliona mikono yake ilivyoanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha hadi viwiko, mpaka ikabidi anirudishie mtoto ili asimwangushe. Akasimama akatoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni ameshika nguzo ya banda la ng'ombe kama mtu aliyepandwa na kizunguzungu. Aliporudi akasonga ugali, akapakua na mboga ya maboga, tukala. Alikula matonge mawili tu.

Aliponiona nimemaliza alisema, "Kabla ya Gwamaka kulikuwa na mtoto mwingine." Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo. Nyumba nzima ile, miaka yote ile, Gwamaka aliitwa mzaliwa wa kwanza. Mama alizungumza akitazama moto. Alikuwa na mtoto wa kiume mwenye kivimbe kama hiki, mahali hapa hapa. Wazee walisema ni cha ukoo, kitaisha akianza kutembea. Wakamfunga kitambaa chenye sarafu. Akaanza kutembea, hakikuisha. Asubuhi moja kikatoka kisirudi. Kikawa kigumu. Akatapika maziwa, kisha akatapika maji ya kijani. "Alilia siku mbili," alisema. "Siku ya tatu hakulia. Sisi tukafurahi. Tukasema amepona." Hapo akasukuma kuni ndani. Kisha akasema Gwamaka hajui, na nisimwambie akiwa yeye bado hai, kwa sababu hakutaka mtoto wake aishi akijua alizaliwa kuziba pengo la mwingine. Halafu akageuka akanitazama usoni. "Na wewe umetoka hospitali, daktari yupo, kitanda kipo, unakuja kwangu ili nikusaidie kuficha?" Nilijifunika uso kwa khanga. "Kesho tunateremka," alisema. "Mimi naogopa kuliko wewe. Lakini tunateremka."

Lakini kesho ilitutangulia. Alfajiri Lusekelo aliamka akipiga yowe ambalo halikufanana na vilio vyake vingine. Kivimbe kilikuwa kimetoka, kigumu kama pera bichi, ngozi yake imewiva nyekundu. Nilimpa titi, akalisukuma. Nilimbembeleza, hakikurudi. Akatapika kwenye bega langu. Mama aliinuka. Alimpokea, akamfunga mgongoni kwake kwa khanga mbili, akachukua fimbo, tukaanza kuteremka. Njia ile ni ya saa mbili kwa mtu mwenye haraka. Nilianguka mara mbili kwenye utelezi wa umande, naye hakugeuka wala hakupunguza mwendo. Alikuwa anaongea na mtoto kwa Kindali, maneno yale yale njia nzima, kwa sauti kavu. Baadaye niliuliza alikuwa anasema nini. Alikuwa anasema, lia, baba, lia, usinyamaze. Na kila mtoto alipopunguza sauti, alimtikisa ili alie tena. Mimi niliyetumia miezi minne kuzuia kilio hicho nilitembea nyuma yake nikikisikiliza, nikiomba kisikome.

Hospitali ya wilaya tulikofikia ilikuwa ndogo wakati ule, majengo machache ya bati na bustani ya kabichi. Daktari alikuwa mwanamume mfupi aliyevaa sweta la kijivu chini ya koti jeupe. Alimgusa mtoto mara moja tu, akaagiza miguu ya kitanda upande mmoja iwekewe matofali ili kichwa kiwe chini, akamchoma sindano ya kumtuliza, akakaa pembeni akaangalia saa. Ule muda wa kungoja sitauelezea. Kisha akaweka mkono wake juu ya kile kivimbe akakibana polepole, bila kuuinua, dakika baada ya dakika, jasho linamtoka puani ingawa kulikuwa na baridi. Tukasikia mlio mdogo kama maji yanapoingia kwenye chupa. "Utumbo umerudi," alisema. Akavuta pumzi. "Mngemleta kesho ningekuwa nazungumza nanyi maneno mengine." Akatuambia hatampasua siku hiyo, atasubiri siku mbili uvimbe utulie, mtoto akiwa wodini chini ya macho yao, halafu atamrekebisha kabisa. Akauliza, kama yule mwenzake wa hospitali ya kwanza, kama tuna swali.

"Tunayo," alisema Mama. Alivuta benchi akakaa mbele yake, mikono ameibana katikati ya magoti. Niliona kwa nini ameibana. "Kosa ni la nani?" aliuliza. Daktari akasema si la mtu. Mtoto akiwa tumboni kuna kanjia kembamba kanakoshuka hadi kinenani, kanatakiwa kujifunga kabla hajazaliwa, na kwa huyu hakakujifunga. Nikajikuta nimesema, "Kilio je? Ndoo je?" Akanigeukia. "Ndoo haihusiki. Kilio hakileti ngiri, mama. Kilio kinaionyesha tu." Aliyasema hayo kwa upole na hakujua ameniondolea nini na kunitwisha nini kwa wakati mmoja. Mama akaendelea. Tukingoja akue? Kitovu tungengoja hata miaka minne, alisema daktari, hii haingoji, leo imetuonyesha. Itarudi? Mara chache, lakini upande wa kushoto nao muutazame. Atazaa? Daktari alitabasamu kidogo, akasema amechunguza, kende zote mbili zipo mahali pake na zina damu, hana sababu ya kufikiri hatazaa. Atanyonya lini? Akiamka vizuri. Nani atakuwa naye? Akamtaja mtu wa dawa ya usingizi, akasema huyo kazi yake ni moja, kumsikiliza mtoto anavyopumua, na hatamwacha hata dakika moja. Kisha Mama akaniangalia, akangoja. Alijua kuna moja limebaki, na kwamba ni langu.

"Ataamka?" nilisema.

Daktari alinitazama. "Siwezi kukuapia," alisema. "Hakuna daktari anayeweza, na akikuapia mwogope. Ninachoweza kukuambia ni kwamba watoto wengi mno nimewalaza hapa na wameamka, na kwamba ngiri hii ikiachwa naiogopa kuliko ile dawa." Mama akainama mbele. "Angekuwa wako?" "Angekuwa wangu angepasuliwa siku hiyo hiyo," alisema daktari, "ila si kwa mkono wangu. Mimi ningekaa hapo kwenye benchi lenu, nikitetemeka." Mama akaitazama mikono yake, akaiachia.

Asubuhi ya upasuaji alisimama mlangoni akamwuliza daktari kama amelala vizuri na amekunywa chai. Akajibu, "Nimekunywa, bibi, na mkate." Wakamchukua Lusekelo. Alikuwa na njaa, ananitafuta kwa mdomo kwenye bega la nesi, na mlango ukafungwa. Tulikaa kwenye benchi la nje. Wanawake wengine walikuwa wanaomba kwa sauti kwa ajili ya wagonjwa wao, sisi hatukuweza. Mama alinishika kifundo cha mkono na hakukiachia, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo alivyozidi kukibana, akihema kwa mdomo kama mtu anayepanda mlima. Alama za kucha zake zilinikaa wiki nzima. Mtu alipita na toroli tupu, sote wawili tukasimama, tukakaa. Mlango ulipofunguliwa walimtoa mtoto aliyelegea, macho nusu wazi, weupe tu, sawasawa na yule msichana niliyemkimbia. Nilimwekea sikio puani. Alikuwa anapumua. Nikamwita. Nikaita kama yule mama alivyokuwa anaita, mara kwa mara, na Mama akaita kwa Kindali upande wa pili, na sijui ilikuwa dakika ngapi. Kisha uso ule ukajikunja, kidevu kikatetemeka, akatoa sauti mbovu, ya kukwaruza, halafu kilio kamili. Nesi akaniuliza mbona simnyonyeshi. Nikamwambia subiri kidogo, dada. Niache nimsikie.

Tulikaa siku tano pale. Gwamaka alifika siku ya nne, lori lake likiwa limerudi mapema, ana vumbi hadi kwenye kope. Nilipomwona anaingia getini nilijua ataanza na swali moja: imekuwaje mko Ileje? Mama alinyanyuka akamfuata kabla hajatufikia. Walisimama karibu na ile bustani ya kabichi wakazungumza, sikusikia kitu. Alipofika alimbeba mtoto, akatazama kidonda kilichofungwa, akaniuliza kama nimekula. Basi. Mama aliniambia baadaye, akiwa anafungasha vyombo, kwamba amemwambia ni yeye aliyeniita Ikinga kwa sababu alikuwa mgonjwa. Nilimshukuru kwa magoti. Nikaishi na uongo huo miaka yote hii, nikizaa wengine watatu, tukihama Tunduma tukajenga Nanyala, akina mama wa jirani wakianza kuniletea watoto wao wenye vivimbe niwatazame kwa kuwa "wewe yalikukuta", nami nikiwaambia wote jambo moja, kwamba mimi si daktari, nendeni, na mkifika msiseme hakuna swali. Sikuwahi kumwambia hata mmoja kwamba mimi nilitoroka.

Wiki moja baada ya mazishi, tukiwa tumerudi Nanyala, nilimwambia mume wangu. Tulikuwa tunakunywa chai ya asubuhi, wawili tu. Nilimwambia nilitoka kwa mlango wa jikoni, na kwamba mama yake hakuwa mgonjwa. Aliweka kikombe chini. "Ninajua," alisema. "Mimi nilipitia kwanza pale misheni. Kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Nesi aliniambia umetoroka. Nikaja Ikinga, majirani wakanielekeza hospitali." Nikamwuliza kwa nini hakusema, miaka yote. Akasema mama yake alimwambia pale karibu na kabichi neno moja: usimwulize. Alimwambia mtu aliyeogopa hivyo haulizwi, anapewa chakula. Lori lilipita barabarani, vikombe vikatikisika mezani. Ndipo nikaona kwamba lililobaki ni moja, na kwamba sasa naruhusiwa. Nikamweleza habari ya yule mtoto wa kabla yake, kitambaa, sarafu, siku mbili za kilio na ile ya tatu waliyofurahi. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, bila kuongeza. Gwamaka ni mtu mzima sasa, ana mvi, na nilimwona usoni akihesabu upya maisha yake yote, mzaliwa wa kwanza ambaye hakuwa wa kwanza.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

Nilifungua mdomo nimjibu. Siku zote zile, pale motoni, njiani, kwenye benchi, na miaka yote iliyofuata nilipokuwa nakaa na mama yule jikoni kwake tukimenya ndizi, nilikuwa na nafasi. Na yeye, aliyeuliza maswali yote kwa ajili ya mwanangu, alikuwa anangoja mtu mmoja amwulize hilo kuhusu wa kwake.

Sikuuliza.